Jioni Tuliyomchagua Nyaturu

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi jirani na stesheni ya Mwanza alitaka mfano wa kichwa cha treni ya mvuke, watoto waushike, waone pistoni inavyosukuma gurudumu. Kazi ikaletwa kwenye karakana yetu ya bati na mbao, Mabatini. Kichwa kipi, hakusema. Alituachia wenyewe, tukabishana mpaka giza likaingia.

Binamu yangu alikuwa ameshaamua: Garratt, klasi 59, kichwa kirefu chenye boila katikati na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma yake. Namwelewa. Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliunda 34 mwaka 1955 na 1956, kila kimoja tani 252. Reli ya upana wa mita moja haijawahi kubeba kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hicho, popote duniani. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na binamu alikuwa na picha ya 5918, Mount Gelai, aliyopiga kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

“Gelai iko Tanzania,” akasema. “Ni wetu huo.”

“Mlima ni wetu,” nikamjibu, “lakini jasho la kichwa chenyewe lilimwagika kati ya Mombasa na Nairobi.”

Mimi nilitaka klasi 30. Hapo jirani yetu, mzee mstaafu wa reli aliyekuja kutusalimia, akavuta kigoda. Tukampa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza swali moja tu: “Wanangu, Garratt inaweka wapi maji yake?”

Juu ya magurudumu, mbele na nyuma ya boila. Klasi 30 huyaburuta kwenye tenda, lile behewa la maji na mafuta linalofuata kichwa. Na tenda yake ilifanywa kubwa makusudi. Reli ya kati inakatiza nchi kame, Dodoma mpaka Tabora, ambako kichwa cha mvuke kikikaukiwa hakina msaada. Ndiyo maana kampuni ya North British ya Glasgow ilipounda 26 za klasi hii miaka ya 1955 na 1956, ilichukua umbo la klasi 29 ikaliongezea uwezo wa kwenda mbali bila kujaza maji. Kwangu hoja ilikuwa hiyo hasa. Watoto wa Mwanza wanaamka wakiliona ziwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928, na ni vigumu kwao kuwaza kwamba huko njiani maji yenyewe yalikuwa mzigo. Tenda ndefu ingewafundisha hilo bila mwalimu kufungua mdomo.

Tena klasi 30 zilibeba majina ya makabila. Ile 3020, iliyohifadhiwa Nairobi, ni Nyaturu, watu wa Singida. Mzee alipolisikia jina hilo akapiga paja.

Vipimo vikamaliza ubishi. Kwa kipimo cha moja kwa ishirini, reli ya upana wa mita inakuwa sentimita 5, rahisi hata kwa mtoto kukokotoa. Garratt ingezidi mita moja na nusu. Meza ya darasa isingeitosha.

Binamu akakubali kwa sharti: kibao cha jina akikate yeye, cha shaba, si cha kupaka rangi. Mzee naye akataka tuanze na tenda. Nikaichora usiku uleule, pande zote nne, na asubuhi tukakata bati.