Vidole vya Mama

Mama alirudi nyumbani Lushoto kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akiwa na chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa, na daktari hakutuficha: kilichobaki ni tiba shufaa, kumtuliza maumivu. Mimi kazi yangu iko Dar es Salaam, hivyo aliyemuuguza ni mdogo wangu wa kike, akisaidiwa na mjomba.

Sista wa tiba shufaa alipiga simu kila Jumatatu. Masikio ya mama yalikuwa mazito, kwa hiyo mjomba ndiye aliyepokea. "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Wiki tatu jibu likawa hilo hilo, nami nikaliamini.

Nilipopanda kumwona nikamkuta amejikunja ukutani, pindo la kanga kaling'ata kwa meno. Mjomba hakukusudia kudanganya. Kwetu ukiulizwa habari za mgonjwa, unaanza na nzuri. Lakini mwenye mwili hakuulizwa na mtu.

Nikawaachia simu yangu ya kupangusa, na kila Jumapili jioni nikawa natuma bando. Mtandao ulishika dirishani tu, tukakihamishia kitanda hapo. Sista alikuwa amemfundisha mama kupima maumivu kwa mkono: ngumi, hakuna maumivu; vidole vitano, hayavumiliki. Hapo hahitaji kusoma wala kusikia.

Jumatatu ile picha ilikuwa ikikatikakatika. Mjomba akaanza, "Anaendelea..." Mama akanyoosha mkono mbele ya simu. Vidole vinne.

Sista akauliza dawa inatolewaje. Ikajulikana usiku hapewi kabisa. Mjomba alihofia atazoea, maana amesikia mofini ni dawa ya kulevya. Sista hakumgombeza. "Mjomba, kwa maumivu haya mofini ni tiba. Tukichelewesha, tunamtesa." Mdogo wangu akatega kengele kwenye kitochi: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili alale hadi alfajiri. Na dawa ya kulainisha choo isikosekane, kwani mofini hufunga tumbo.

Wiki iliyofuata mama alionyesha kidole kimoja, akaomba uji.

Aliishi miezi miwili zaidi. Jumatatu ya mwisho mdogo wangu aliisogeza simu karibu na mkono wake. Ulikuwa juu ya shuka, vidole vimejikunja bila kukaza.

"Amelala," sista akasema. "Msimwamshe."