Kitana na vipande vya karatasi
Jana umeme ulikatika huku Nyakato, mwanangu akaniuliza, "Baba, kwani umeme ni nini hasa?" Nikakuna kichwa. Nikachukua kitana cha plastiki, nikakisugua kwenye nywele zake, nikakisogeza kwenye vipande vya karatasi. Vikaruka, vikanasa!

Elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji (umeme) hasi, zimehama kutoka kwenye nywele, kitana kikapata chaji hasi, nywele zikabaki na chanya. Karatasi haina chaji, ila elektroni zake husukumwa upande wa pili, upande wa karibu na kitana unabaki chanya, basi inavutwa. (Bahati yangu ni Julai, hewa kavu. Masika unyevu ungeiondoa chaji, ningeaibika.)

"Sasa hicho kitana kinawasha taa?"

Hakiwezi. Chaji imekaa tu. Taa inataka elektroni zitiririke mfululizo kwenye waya.

Mama yake kutoka jikoni: "Sugueni mpaka friji iwake, sangara wangu wanaoza."