Siku moja ya fundi bomba: koki moja, wosha nyingi

Saa 1:00 asubuhi. Napanga mfuko: spana malaya, bisibisi, tepu nyeupe, wosha za nusu inchi (vipande vya mpira vinavyoziba maji ndani ya koki), oringi (pete za mpira za kuzuia maji) za saizi mbalimbali na tishu. Watu huishangaa hiyo tishu, lakini ndiyo kipimo changu cha kwanza.

Saa 2:30. Tabata, Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba ananipeleka moja kwa moja kwenye sinki la bafuni. "Fundi, hii koki imenishinda. Wakibadilisha wosha, haimalizi mwezi inaanza tena. Niwekee mpya tu."

"Shikamoo mama. Naomba niikague kwanza."

Nakausha kila sehemu, kisha nagusisha tishu shingoni, kwenye kitako cha koki na chini ya sinki panapoungana na mpira wa maji. Kote kukavu. Tone linatoka mdomoni tu, kwa hiyo ubovu uko ndani, pale wosha inapokaa. Lingetokea shingoni ningeshuku oringi. Chini ya sinki ningeanza na mpira. Kumnunulisha mtu koki mpya kabla ya ukaguzi huo mdogo ni kumwonea.

Saa 3:00. Nafunga maji, naziba tundu la sinki kwa kitambaa skrubu isije ikatumbukia, nafungua kichwa cha koki. Wosha bado laini, ila ina alama ya duara, na upande mmoja imeliwa kama imeng'atwa na panya. Napitisha kidole ndani: ukingo wa shaba una kishimo. Hapa wanatumia maji ya kisima, yana chumvi, na chumvi inakula shaba taratibu. Wosha yoyote utakayoweka itachanikia palepale.

Dawa yake ni kusaga siti, yaani huo ukingo wa shaba wosha inapokalia, kwa kifaa kiitwacho kisagio. Nakiingiza kisagio wima, nakandamiza kidogo, nazungusha polepole, nafuta unga wa shaba, namulika kwa tochi ya simu. Ukingo unaanza kung'aa upande mmoja. Naendelea mpaka duara lote ling'ae sawasawa. Ukilazimisha unapata bonde jipya. Nasuuza, naweka wosha mpya, narudishia, nafungua maji. Baada ya nusu saa tishu bado kavu. Mama analipa ufundi na wosha, basi.

Saa 7:00 mchana. Nyumba nyingine, koki ya kisasa ya robo mzunguko. Hii haina wosha ya kubadilisha, ina katriji, yaani kifaa kizima cha ndani chenye visahani vinavyofungua na kufunga maji. Mchanga umeingia kati ya visahani vyake na kuvichora, kwa hiyo natembea nayo mpaka dukani nilinganishe urefu na meno. Usinunue kwa kukisia.

Saa 11:30 jioni. Kijana ananipigia, koki yake inadondosha na anaikaza kwa nguvu. Namwambia aache kuikaza, kwani anazidi kuikata wosha. Afunge valvu ya chini ya sinki. Kesho saa 2 nitakuwa kwake na kisagio.