Simba wa boksi na khanga: Mwaka Mpya wa Kichina na wanangu

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu alipomwona simba wa Mwaka Mpya, yule anayechezwa na watu wawili ndani ya vazi, akalia mpaka akatapika. Ilikuwa Februari 2024, asubuhi ya kuingia mwaka wa Joka, nyumbani kwa wakwe zangu Foshan, kusini mwa China. Ushauri niliopewa kabla ya siku ile ulikuwa mbaya, na bado nawasikia watu wakiwapa akina mama wengine ushauri uleule.

Mimi ni mtu wa Tanga, mume wangu ni mwenyeji wa Foshan, na makazi yetu ni Guangzhou. Dada mmoja wa Dar niliyekuwa nikikutana naye sokoni Xiaobei alikuwa akiniambia kila mara, "Shoga, usiwachanganye hao watoto. Watakuwa si wa huku si wa kule." Huyo sikumsikiliza. Niliyemsikiliza ni mzazi mwenzangu wa chekechea, aliyesema nianze na hadithi ili mtoto aelewe maana, kisha nimsogeze karibu kabisa na ngoma azoee.

Basi usiku wa mkesha nikamsimulia habari za Nian. Wachina wanasema ni zimwi lililokuwa likitoka kila mwisho wa mwaka kula watu na mifugo, mpaka ikajulikana kwamba linaogopa rangi nyekundu, moto na kelele. Ndiyo maana ya karatasi nyekundu milangoni na fataki. Nilisimulia kwa ufundi wote niliorithi kwa bibi yangu, kuanzia paukwa hadi mwisho, na sauti ya zimwi niliitoa kifuani. Mtoto akalala akiwa amenishika kidole.

Asubuhi ngoma ikalia uchochoroni. Ngoma ya simba wa kusini, yaani wa mtindo wa kusini mwa China, ni kubwa, inakwenda na upatu na matoazi, na mlio wake unauhisi tumboni kabla ya masikioni. Kikundi kikakata kona: kichwa kikubwa chenye manyoya, macho yanayopepesa, mdomo unaofunguka na kufunga. Jirani mmoja kwa nia njema akamshika mwanangu mabega akamsogeza mbele. "Mwache azoee," akasema. Mtoto ambaye jana yake kaambiwa kuna zimwi linalokula watu! Alipiga ukelele, "Zimwi, mama! Zimwi!" akanirukia na kunizamishia meno begani. Wiki kadhaa baadaye alikuwa bado hataki kupita mlango wowote wenye taa nyekundu.

Niliumia sana, kwa sababu Foshan simba si kitu cha pembeni. Ni mji wa Wong Fei-hung, yule bingwa wa kung fu, na watu wake wanaona fahari juu ya simba wao kama sisi wa pwani tunavyoona fahari juu ya taarabu. Sikutaka mwanangu akue akiogopa fahari ya upande wa baba yake.

Mwaka uliofuata sikusimulia chochote. Mwezi mmoja kabla ya sikukuu nilichukua boksi la jiko la umeme, nikalikata taya la chini na kulifunga kwa kamba ili lifunguke ukivuta. Mdomoni tulibandika nyuzi nyeupe za sufi. Karatasi nyekundu na gundi sidhani kama zilifika yuan 30. Mwili ukawa khanga niliyopewa na mama yangu, ya rangi nyekundu na nyeusi, imeandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hata ningetafuta, nisingepata maneno yanayomfaa zaidi simba anayepita nyumba kwa nyumba akileta heri.

Macho tuliyaacha meupe. Mume wangu ndiye aliyenikumbusha kwamba simba mpya hana uhai mpaka atiwe macho kwa brashi na rangi nyekundu. Kazi hiyo tukampa mtoto. Alipiga magoti sakafuni, ulimi nje, mkono wa kushoto umeushika wa kulia usitetemeke, akatia nukta moja, akapumua, akatia ya pili. Kisha akamgeukia mdogo wake na kumwambia kwa sauti ya chini, "Sasa anatuona." Hofu ya mwaka mzima niliiona ikitoka siku ile.

Wiki mbili nzima sebule ilikuwa uwanja wa simba. Yeye kichwani, mimi nimeinama mkiani ndani ya khanga, mdogo wake wa miaka miwili anapiga sufuria kwa mwiko. Tulitundika saladi na bahasha nyekundu kwenye mpini wa mopu, maana simba wa kusini ni lazima "ale" mboga kisha aitapanye. Kwa Kikantoni, lugha ya huku, jina la saladi linasikika kama maneno ya kuzaa mali, na majani yanayorushwa ndiyo baraka yenyewe. Ukiwa na watoto wadogo waache warushe, hata kama utaokota saladi nyuma ya makochi mpaka jioni.

Halafu nikampeleka kwenye mazoezi ya kikundi, si kwenye onyesho. Kijana mmoja alivua kichwa cha simba, akamwonyesha fremu ya mianzi na kamba za kope. Mwanangu akavuta kamba, jicho likapepesa. "Kama langu!" akasema.

Tarehe 29 Januari 2025, mwaka wa Nyoka ulipoingia, tulisimama mbali, hatua kama thelathini, na sikumwambia asogee. Alinivuta yeye mwenyewe mpaka mbele, akanyoosha mkono na kumpa simba bahasha mdomoni.

Bahasha zenyewe zilikuwa rahisi, kwa sababu watoto wa pwani wanajua mkono wa Idi. Niliwaambia ni jambo lilelile: watu wazima waliooa na kuolewa wanawapa watoto na wale ambao bado hawajaoa. Kinachotofautiana ni adabu yake. Unapokea kwa mikono miwili, unasema "Kung Hei Fat Choi", na hufungui mbele ya aliyekupa. Tulifanya mazoezi kwa bahasha za maharage, kwa sababu mdogo alikuwa anachana papo hapo. Na msitishwe kuhusu fedha. Guangdong, mkoa wetu, bahasha ya yuan 5 au 10 ni heshima tosha, mradi noti iwe mpya na uikwepe nne, ambayo matamshi yake yanakaribiana na neno la kifo.

Mwiko wa kutofagia siku ya kwanza ya mwaka niliutetea kwa Tanga. Niliwaambia bibi yao wa kule naye hafagii usiku asifagie riziki, wakaelewa mara moja. Kwa hiyo nikisikia kwamba mila mbili zinamchanganya mtoto, mimi namkumbuka mama mkwe akikaanga yau gok, vile vitu vyenye umbo la mkoba wa fedha, ndani karanga, ufuta, sukari na nazi. Nazi nakuna mimi. Kingo zake zinakunjwakunjwa kama ukili, na mikono yangu ilizijua kabla sijafundishwa. Wanangu wanakaa katikati yetu, mmoja anapaka maji kingo, mwingine anaiba ufuta.

Kichwa cha boksi kiko juu ya kabati kwa mama mkwe, kimefunikwa kwa ile khanga. Amekataa tusikirudishe Guangzhou. Binti yangu ameshatangaza kwamba safari hii kichwa ni chake, kaka yake akae mkiani.