Mkono au Kiti

Sauti ilianza mwezi wa Juni mwaka 2014, asubuhi zile ambazo Morogoro hupata ubaridi unaoshuka kutoka Uluguru. Nikiwasha gari na kukata stelingi kutoka getini, kitu kilikuwa kinaguna chini ya boneti. Mguno mrefu, unaopanda kila nikikanyaga mafuta, na usukani unanitetemekea mikononi kama kamba ya ng'ombe asiyetaka kuvutwa.

Gari lilikuwa la baba, Corolla AE100 ya mwaka 1994. Alilinunua mtumba akaliendesha hadi presha ya macho ilipomzuia kuiona barabara, na mwaka 2012 akanikabidhi funguo. Tangu hapo, kila nilipompeleka mahali alikaa mbele kushoto, dirisha wazi, akisikiliza.

Siku ya pili ya mguno akasema, "Mama, gari lina njaa."

Nikayachukua kuwa maneno ya mzee aliyezoea gari lake. Nikalipeleka gereji. Fundi alifungua boneti, akaniambia nikate kulia, nikate kushoto, akainuka na jibu: "Dada, pampu ya stelingi imekwisha." Pampu ya mtumba ikaletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, ikafungwa, mafuta mekundu mapya yakamiminwa kwenye kopo lake. Kimya kabisa. Nililipa shilingi 120,000 na kushukuru.

Kimya kile kilidumu siku kumi na moja. Mguno uliporudi, fundi yule yule akasema sasa ni raki yenyewe, kile chuma kinachogeuza magurudumu, na bei aliyoitaja sikuwa nayo. Nikarudi nyumbani gari likilia njia nzima, nikamkuta baba barazani. Alinisikia kabla sijafika getini.

"Umelibadilishia tumbo," akasema. "Chakula umeangalia?"

Jumamosi nikamwekea kiti cha plastiki pembeni ya gurudumu la mbele. Nilitegemea angeanza kunieleza habari za pampu. Yeye akauliza, "Kinachotetemeka ni mkono au kiti?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nikawasha, nikakata stelingi gari likiwa limesimama, nikasikiliza mwili wangu mwenyewe. Ni mkono. Kiti kilikuwa kimetulia. Akaitikia kwa kichwa. Tetemeko linalokuja mkononi pale tu unapokata kona, gari limesimama, litafute kwenye mafuta na mipira ya stelingi. Likija kwenye kiti na mwili mzima wa gari ukingali kwenye sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, tafuta kwenye injini na mauntini zake, yale mapande ya mpira yanayoishikilia. Na lile linalosubiri mpaka uwe unakimbia barabara ya Chalinze, basi anza na magurudumu. Mimi nilikuwa nimemwambia fundi "gari linatetemeka", basi, na yeye akajaza pengo kwa alichokijua.

Kisha akauliza kama ni yowe au mguno. Mkanda uliolegea au uliochakaa hupiga yowe kali unapokata hadi mwisho. Huu wetu ulikuwa mguno, na mguno ni wa pampu inayovuta hewa badala ya mafuta. Nikafungua kifuniko cha kopo. Mafuta yalikuwa chini ya alama, na yale yaliyobaki hayakuwa mekundu tena. Yalikuwa na povu la rangi ya waridi, kama juisi iliyotoka kwenye blenda.

"Yameenda wapi?" akauliza baba.

Hilo ndilo swali ambalo gereji hatukuliuliza, mimi wala fundi. Siku kumi na moja kabla kopo lilikuwa limejaa. Nikaongeza mafuta yale yale mekundu ya gia za otomatiki yaliyoandikwa kwenye kifuniko (naomba mtu yeyote anayesoma hapa asije akamimina mafuta ya breki humo, yanaharibu sili zote), nikatandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini na kwenda kulala. Asubuhi boksi lilikuwa kavu. Nikakumbuka kuwa raki ikivuja, mafuta yanaweza kujificha ndani ya yale mabuti ya mpira ya pembeni bila kudondoka, nikalala chali na kuyaminya moja moja. Makavu. Klipu za mpira wa kuingilia kwenye pampu nikazikaza hadi bisibisi ikateleza, maana upande ule ukilegea unavuta hewa bila kutoa hata tone nje. Zilikuwa sawa tangu mwanzo.

Kwa kweli hapo ningekata tamaa. Gari lililokuwa linapoteza mafuta bila kuyaacha mahali popote nililiona kama la kichawi. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Ukiwasha asubuhi, linatoa moshi?"

Linatoa, nikasema, mweupe kidogo. Nilidhani ni baridi.

"Unanukaje?"

Sikuwahi kuunusa. Kesho yake alitoka na fimbo yake kabla ya jua, akashika ukuta mpaka nyuma ya gari, akaniambia niwashe. Alisimama pale kwenye moshi na kichwa kimeinama, kama mtu anayeonja mchuzi. "Injini inakunywa mafuta ya stelingi," akasema.

Kwenye pampu ya Corolla ile kuna valvu ndogo, haizidi kidole gumba, yenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Ukikata stelingi gari limesimama, pampu hupata mzigo na kuielemea injini, sailensi ikataka kushuka. Presha ya mafuta huisukuma valvu ile, nayo hufungua njia ya pembeni, injini ikapata hewa zaidi na kujikaza. Ndani ya valvu kuna kizuizi kinachotenga mafuta na hewa. Kikichakaa, injini inayovuta hewa huvuta na mafuta, ikayachoma, na yote yakatokea kwenye ekzosi. Ndiyo maana chini pakawa pakavu.

Nikachomoa mpira mmoja. Ndani ulikuwa umelowa, na tone jekundu likaniangukia kwenye kiganja. Nikampelekea baba ule mpira mkononi. Akaupitisha kidole, akasugua, akanusa. "Haya," akasema, basi.

Hapo ndipo nikakumbuka nilichokiona kwa macho yangu gereji. Pampu ya Dar ilikuja bila valvu. Fundi akaifungua ya kwetu kwenye pampu ya zamani na kuihamishia kwenye mpya, mbele yangu, bila kuficha kitu, kwa sababu kwa macho haikuwa na kasoro. Tulikuwa tumeuhamisha ugonjwa na kuutupa mwili uliokuwa mzima. Pampu ya zamani ningeitaka leo hii, lakini iliishia kwenye vyuma chakavu.

Nikaziba mipira miwili kwa boliti fupi na klipu, na midomo ya valvu nikaivika vipande vya mpira vilivyozibwa. Mtoto wa jirani akanisaidia kukata stelingi tulipotoa hewa. Mguno ukaisha, moshi ukaisha baada ya siku mbili. Ila sasa kila nikikata kona kuingia maegesho, injini ilikuwa inazama na gari zima linatikisika.

"Sasa ni kiti," akasema baba kabla sijamwambia. Ni kweli, injini ilikuwa imenyimwa ile hewa ya ziada. Tetemeko jingine, sababu nyingine, na safari hii nililijua nililitoa wapi.

Valvu nzima ilichukua wiki mbili kupatikana Ilala. Ilipofika nilikuwa peke yangu na baba, mtoto wa jirani yuko shule, na mafuta mapya yalihitaji kutolewa hewa. Nikainua mbele kwa jeki, nikaweka stendi pande zote mbili, mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kazi iliyobaki ni ya watu wawili: mmoja anakata stelingi kutoka mwisho hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, mwingine anatazama kopo.

"Nitakata mimi," akasema.

Hakuwa amekaa kiti kile tangu 2012. Alikipapasa, akakisogeza nyuma kwa wenzo bila kuutafuta, akaweka mikono kwenye usukani pale pale alipokuwa anaiweka zamani. Kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akihesabu kwa sauti. Nikaona mapovu yakipanda kwenye kopo, makubwa, kisha madogo. Alipofika ishirini nikapitisha mkono dirishani, nikawasha. Hakuna mguno. Akakata tena, polepole, bila kuushikilia usukani mwishoni maana huko ndiko presha inakoiumiza pampu, na sailensi haikushuka hata kidogo.

"Mkono umetulia," akasema. "Na kiti."

Magurudumu yalikuwa hewani yakigeuka kushoto na kulia, na yeye amenyoosha uso mbele kana kwamba kuna barabara. Mapovu yalikuwa yamekwisha zamani. Akaniuliza kama bado. Nikaendelea kuangalia kopo, nikamjibu, "Bado kidogo, Baba."