Augsburg: kaburi la mkopeshaji na meza mbili

Kutoka München, treni ya kasi huchukua kama nusu saa. Ya mikoani ni kama dakika 45, na nafuu. Nilishuka Augsburg, mji wa kusini mwa Ujerumani, asubuhi nikatembea hadi Annastraße. Kanisa la Mtakatifu Anna limebanwa na maduka, ni rahisi kulipita bila kujua.

Ndani nilianzia magharibi, kwenye kikanisa cha marumaru alimozikwa Jakob Fugger, tajiri mkopeshaji wa mji huu, mwaka 1525. Huyu ndiye aliyemkopesha Albrecht wa Brandenburg fedha za kuupata uaskofu mkuu wa Mainz. Deni lililipwa kwa vyeti vya rehema, vilivyouzwa kwa ahadi ya kupunguziwa adhabu ya dhambi: nusu ya makusanyo ilikwenda Roma kujenga Basilika ya Mtakatifu Petro, nusu kwa Fugger. Biashara hiyo ndiyo iliyomchefua Martin Luther mwaka 1517. Oktoba 1518, alipoitwa hapa kuhojiwa na Kardinali Cajetan, mjumbe wa Papa, Luther alilala kwa watawa Wakarmeli wa Mtakatifu Anna. Mahojiano yakafanyika nyumbani kwa Fugger.

Leo kanisa ni la Walutheri, na tajiri Mkatoliki bado amelala humo. Humo humo, 31 Oktoba 1999, Kardinali Edward Cassidy kwa upande wa Kanisa Katoliki na Askofu Christian Krause wa Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi Mungu anavyomkubali mwenye dhambi. Lina vifungu 44. Anza na cha 15: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani, si kwa stahili yetu, nasi tunapewa Roho anayetuita kwenye matendo mema. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapopotea. Kuanzia cha 19 hadi cha 39 kila mada huanza na tunayoyakiri pamoja, kisha kila upande unaeleza msisitizo wake. Pagumu kuliko pote ni cha 28 hadi 30: je, aliyebatizwa ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja? Roma ilisita hapo mwaka 1998, ikabidi iandikwe Nyongeza kabla ya kalamu kushikwa.

Mchana nilipita Fuggerei, nyumba za maskini alizoanzisha Fugger mwaka 1521. Kodi ni senti 88 za yuro kwa mwaka, pamoja na Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki kila siku kwa ajili ya mwanzilishi. Mlutheri atakunja uso: sala kama kodi! Mimi niliona mzee anayejua kwamba hata mkopeshaji huombewa.

Nilimalizia kusini mwa Maximilianstraße. Basilika ya Kikatoliki ya Mtakatifu Ulrich na Afra imesimama, na kanisa dogo la Kilutheri la Ulrich limeegemea mbele yake. Kuhusu neema wamekubaliana. Meza ya Bwana bado inaandaliwa mara mbili, kila upande kwa mlango wake.