Kabla Mpokea Mzigo Hajatia Saini

Bohari ninayofanyia kazi hapa Unguja hupokea pampu za maji, mota na jenereta za mahoteli na za wakulima. Wapitao nje hudhani kazi yetu ni kunyanyua na kupanga, ilhali jukumu zito kuliko yote humwangukia karani anayepokea mzigo, na naamini maghala mengi humpa muda mdogo mno.

Kontena likifika kutoka Bandari ya Malindi, lakiri, kile kifungo cha mlangoni chenye namba, haikatwi mpaka namba yake ilinganishwe na iliyomo kwenye hati ya shehena, kwani ikishakatwa hakuna tena namna ya kujua kama mlango ulifunguliwa njiani. Baada ya hapo hutazamwa mbao za makasha: chapa ya HT huonesha kwamba zimepashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, ili wadudu wa miti wasivuke bahari pamoja nazo.

Kuhesabu makasha peke yake hakutoshi. Ubavuni mwa mota huwapo kibamba cha chuma, mara nyingi kimefunikwa na grisi, nacho lazima kifutwe kwa kitambaa na kusomwa. Hapo huandikwa hezi, yaani mara ngapi umeme hugeuka kwa sekunde moja, na umeme wetu ni wa hezi 50. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 hufanana kabisa na tunayoihitaji, lakini ikifungwa hapa kasi yake hupungua kwa sehemu moja ya sita, na uwezo wa pampu kupandisha maji juu hupungua kwa karibu theluthi. Mwenye hoteli ataona tangi la ghorofani halijai na atamlaumu fundi, masikini, asiyehusika. Kasoro yoyote, hata kona ya kasha iliyolowa, iandikwe kwenye hati ya makabidhiano dereva akiwa bado yupo, hata akipiga honi kwa haraka zake, kwa sababu saini tupu ina maana kwamba mzigo umepokelewa salama.

Mizigo ya Pemba huniumiza kichwa zaidi. Mpaka ifike bandari ya Mkoani kisiwani huko huwa imeshashikwa na mikono mingi na kupigwa na unyevu wa chumvi, kwa hiyo mhimili wa pampu tunaupaka grisi upya, tunaufunga nailoni, kisha tunanakili namba ya mtambo kwenye karatasi ya mteja, ili naye apate cha kulinganisha kabla hajatia saini yake.